Mstari wa Chokaa

Ramani ilipofika Chikongola
ilikuwa na njia ya magari, mtaro, nguzo za taa.
Somoe Nanjota akaigeuza huku na huku,
akauliza: "Na miguu yangu mmeiweka wapi?"
Mpimaji akacheka. Pembeni, mama.

Pembeni kuna mchanga unaomeza tairi la baiskeli.
Kuna malori ya korosho yanayotimua vumbi
mpaka kwenye maandazi.
Kuna pale Likapa alipotumbukia mtaroni
na daftari lake la hesabu.

Usiku wakaazima chokaa ya uwanja wa mpira.
Wakapima kwa khanga: moja ya mtembea kwa miguu,
moja ya mwenye baiskeli.
Somoe mbele na kurunzi, Likapa nyuma na ndoo,
mstari ukaenda ukiyumba hadi geti la Ligula,
umepinda, lakini mstari.

Jumatano mvua ikaufuta wote.

Alhamisi, lori la kwanza lilipokata kona,
dereva akaufikia ule mstari usiokuwepo,
akapunguza mwendo,
akabaki ng'ambo yake.
Watoto wa shule wakapita wawili wawili,
wanabishana,
hakuna aliyegeuka nyuma.