Kinyunya

Telavi, saa kumi na moja alfajiri, theluji imelala mapaani
na sisi tumejipanga foleni nje ya dirisha la Vazha,
mikono mifukoni, midomo haina kazi ila kusema.

Tanuri lake si la kusukumia sinia:
ni kisima cha udongo kilichozama ardhini,
moto umelala chini kama ng'ombe anayecheua.
Mwokaji huinama kichwa mbele, visigino vikaaga sakafu,
akabandika kinyunya ukutani kwa pigo moja,
akatoka kabla nyusi hazijaungua.

Miaka thelathini aliyeinama ni Vazha.
Siku hiyo mgongo ulimgomea,
na aliyesimama ukingoni alikuwa Lamara, mpwa wake,
miaka kumi na saba, aproni imemzunguka mara mbili.

"Huyu?" alisema mtu. Huenda nilikuwa mimi.
"Leo tutakula majivu."
Tukacheka kicheko kile cha watu wenye baridi,
na dirisha halikuwa na kioo.

Akainama. Mkono ukafika nusu,
ukasimama kujiuliza,
na unga husikia swali.
Kinyunya kikaning'inia, kikalegea, kikadondoka motoni.
Harufu yake ikatufikia sote.

Cha pili vilevile.
Cha tatu kilishika, kisha kikabanduka polepole
kama mgeni aliyegundua hakualikwa.

Vazha, juu ya gunia lake, hakumwambia jipe moyo.
"Ukuta haujui jina lako," alisema, "wala umri wako.
Unajua kasi ya mkono.
Ukienda nusu, utaungua mzima."

Ningependa kusema aliacha kuogopa,
lakini nililiona goti lake: lilitetemeka hadi mwisho.
Alichofanya ni kugeukia dirisha, kututazama mmoja mmoja,
bibi Eteri na kikapu chake, dereva wa basi, mimi,
kama mtu anayehesabu chenji,
akaona, nadhani, kwamba hatukuwa na kitu cha kumpa
wala cha kumnyang'anya.
Akatupa mgongo.

Pah!

Theluji iliporomoka kutoka paa la jirani.
Hakuna aliyesema neno.

Mkate ulitoka umepinda, ncha moja nyeusi,
tumbo limevimba upande.
Eteri akaupindua, akaupindua tena:
"Nani kaoka hiki kioja?"

Msichana, masizi kwenye kope,
hakusema samahani, wala ndiyo kwanza najifunza.
"Mimi," alisema. "Lari moja."

Eteri akalipa.

Wangu niliula njiani, ukiniunguza vidole,
na sikuwa nikimwaza Lamara tena.
Nilikuwa nikiuwaza mkono wangu mwenyewe,
wa umri ule ule,
milango mingapi uliifikia nusu
ukarudi mfukoni.