Moja kwa Kumi

Kwanza nilichuja vumbi.
Usicheke. Punje ya mchanga wa kweli,
ukiiweka kwenye tairi lenye kimo cha kikombe,
ni jiwe la kumvunja mtu mguu.
Kila kitu sharti kipungue, hata uchafu.
Nikachota tope la Jökulsá, nikalianika juu ya jiko,
nikalitwanga, nikalipitisha kwenye chujio la chai
mara tatu, kisha kwenye soksi ya nailoni.

Kutu sikuipaka. Kutu nilikuwa nayo.
Siku walipokuja kulichukua gari lenyewe,
wakalipandisha kwenye lori la vyuma chakavu kama ng'ombe mzee,
niliukwangua ukingo wa chini wa mlango kwa kisu
hadi kibati cha tumbaku kikajaa:
miaka ishirini na sita ya chumvi ya barabara za Aisilandi.
Sasa naibandika kwa ncha ya kijiti cha meno
pale pale ilipoanzia, kwenye skrubu ya bampa, chini ya taa,
maana kutu ina adabu zake, haianzii popote.

Koleo nimelikata kwenye kopo la dagaa.
Dumu la dizeli ni kipande cha ubao,
rangi imefutika pembeni, mikono inaposhikia.
Waipa ya kushoto imepinda.
Kiti cha dereva kimepasuka, nimekitia kiraka cha plasta,
na chini ya kiti, asipoona mtu,
kuna glavu moja.
Moja tu. Mwenzake ilibaki mlimani usiku ule wa Machi,
nasi hatukurudi kuitafuta.

Jumapili alikuja Thorkatla na mkate mweusi.
Miaka kumi na tisa yeye aliliendesha, mimi nililitengeneza;
kikosi cha uokoaji kilituoza hivyo, bila padri.
Akavaa miwani. Akainama.
Akanusa, naapa, akanusa.
"Haflidi," akasema, "mlango."
"Una nini mlango?"
"Mzima."

Nikatazama nje. Theluji ilikuwa ikianguka,
theluji ya kweli, isiyojua vipimo.
Mzima, ndiyo.
Siku sabini nimekwaruza, nimepasua, nimechafua,
na kila nilipofika hapo brashi iliruka.
Maana ni mimi niliyesema mto unavukika.
Ni mimi niliyechovya fimbo nikapiga kelele: maji ya goti!
Na pande la barafu, kubwa kama jokofu,
likaja gizani bila kupiga honi,
likaugonga upande wa dereva.
Tangu hapo Thorkatla hushuka ngazi ubavu ubavu.

Hayo hakuyasema. Aliomba kijiko cha chai.
Akakishika juu ya mshumaa hadi kikabadilika rangi,
akauweka mgongo wake kwenye plastiki, chini ya kitasa,
akakandamiza taratibu,
kama mtu anayempima mtoto homa.
Harufu ilikuwa mbaya. Rangi yangu ikapasuka mistari.
"Kidogo kushoto," nikasema, kwa sauti nisiyoijua.
"Najua kilipo," akajibu.
Na kweli alijua.

Tukanywa kahawa. Tukazungumza juu ya bei ya matairi.

Mlango haufungiki tena.
Lazima uuinue kwa ukucha, ndipo uusukume,
vile vile alivyokuwa akiuinua kwa nyonga
na kuufungia kwa tusi moja zito, kila asubuhi, barafuni.
Kabla ya kuondoka, koti likiwa mkono mmoja ndani,
aliinama tena mezani.
Akaufungua. Akauinua kwa ukucha. Akausukuma.
Na lile tusi akalitamka pia,
kwa sauti ndogo,
moja kwa kumi.