Fundo Lisilo na Kadi

Nyangumi alikuja kufa Machi, mwaka ule wa theluji chafu,
nyuma ya kiwanda cha kukausha vichwa vya chewa.
Uvundo ulipanda hadi darasani
na mwalimu Steinvör hakufunga dirisha.
Mgeni akibisha hodi, alisema, hatutoki kwa mlango wa nyuma.

Tukashuka fukweni na ndoo na visu butu.
Siku ya tatu tulilichuna pezi,
na ndani ya pezi, mkono:
kiwiko, kiganja, vidole,
pingili kwa pingili.
Ölvir akavaa glavu zake upesi,
kama mtu aliyechungulia chumba cha wageni
akajikuta amelala humo yeye.

Darasani mwalimu alizifunga sindano za kufumia kwa uzi wa sufu,
sindano chini ya sindano,
akazining'iniza darini.
Kwenye ncha, kadi: papa. Chewa. Ng'ombe. Nyangumi.
Kiboko, ambaye hakuna aliyewahi kumwona,
pipa lenye masikio, tulisema.
Na Ölvir, maana aliomba mwenyewe.

"Nani yuko juu?" akauliza Ölvir.
Mwalimu akapuliza.
Sindano zikazunguka, kadi ya Ölvir ikagusana na ya papa,
zikaachana, nyangumi akaenda ukutani, akarudi.
"Juu ni wahenga tu. Walio hai wote mnaning'inia usawa mmoja.
Na kupakana si undugu. Msihesabu kadi,
pandeni na uzi mpaka fundo."

Tukapanda kwa vidole, hewani.
Kutoka kwa nyangumi hadi kwa kiboko, fundo moja.
Ng'ombe, fundo la juu yake.
Papa, mbali, karibu na dari kabisa:
maji ndiyo yaliyowafananisha.

"Sasa mkasi. Kata uzi mara moja.
Kinachoanguka, chote, ni ukoo."
Alinikataza kukata kweli, nikakata kwa macho.
Nilitaka kuwaangusha samaki peke yao, papa na chewa.
Haikuwezekana.
Kila nilipoweka mkasi palipowashika wote wawili
Ölvir alianguka nao,
na ng'ombe, na zizi zima.

Kwetu mtu hana jina la ukoo.
Hubeba la babake, mwanawe atabeba jingine,
uzi mfupi, fundo moja, basi.
Mimi ni Álfdís Ingudóttir, binti wa Inga,
kwa kuwa upande wa pili mama aliuacha wazi.

Nikauliza: fundo la kiboko na nyangumi,
kadi yake iko wapi?
"Haipo. Hakuwa kiboko, hakuwa nyangumi.
Hatuna hata mfupa mmoja wa kuuapia kuwa ni wake."
Tunajuaje basi kwamba aliishi?
Akanishika mkono,
akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja,
bila kusema neno.

Usiku nilisimama mbele ya kioo cha bafuni.
Sikio langu la kushoto lina pengo dogo ukingoni.
Mama hana. Bibi hana, wala dada zake,
nimewachunguza wote, mezani, wakila.
Nikaligusa.
Mama akagonga mlango: umemaliza maji ya moto!
Nilikuwa nimenawa mara mbili,
na bado mikono ilinuka nyangumi.