Mabanzi ya Ndugu Tweve

Tulitoka Uyole saa kumi alfajiri,
Noah ya shemeji imejaa mablanketi,
chupa mbili za chai, sufuria ya makande,
na watoto watano waliovishwa masweta
mpaka mikono ikasimama kama ya sanamu.
Isyonje tukaiacha lami. Gari likaanza kukohoa,
ukungu ukalamba vioo,
na Gwalugano, kitinda mimba, akauliza
kama mbinguni kunaanzia hapa
au mbele kidogo.

Mbele kidogo, nikamwambia.

Kitulo ilikuwa nyeupe.
Si theluji, sitaki kumdanganya mtu;
sakitu tu, ile ya Julai,
chumvi iliyomwagwa usiku kucha
na asiyejua bei ya chumvi.
Kila jani lina ndevu. Mavi ya ng'ombe yana ndevu.
Kwenye kamba ya mama Tweve
suruali imegandia wima
kama mtu aliyejivua akatoka, asirudi.

Hapana geti, hapana tiketi.
Yupo Ndugu Tweve mwenyewe, seremala,
boshori mpaka kwenye nyusi,
ameegemeza ukutani jozi sita za mabanzi ya paini,
ncha amezikunja kwa mvuke wa sufuria,
kamba za katani za kufungia buti,
na fito za mianzi, mbili kwa kila mtu.
Aliona picha, anasema, kwenye kalenda ya misheni:
watu wanatembea juu ya mbao, nchi nzima nyeupe.
"Nikasema, mbao ninazo.
Weupe ninao, wiki tatu kwa mwaka.
Kimebaki nini?"

Kilibaki kuanguka.
Paka nta ya nyuki. Kunja goti.
Usilikimbilie bonde, bonde halihami.
Huku hakuna mbio, ni kutembea
kwa kujisahau kidogo kila hatua.
Sss, linasema banzi. Sss, linaitikia la pili.
Shemeji, afisa mikopo, kitambi mbele,
akateleza kinyumenyume hadi kwa ndama,
na ndama akamtazama
kama anamdai.

Bibi Tumpe, miaka sabini na mbili,
alikataa mabanzi, akaomba gunia.
Akaketi, akakaza kitenge kwa fundo la vita:
"Sukumeni, na mtu asiniombee."
Tulimsikia akicheka mpaka chini,
kicheko nisichokijua,
cha msichana fulani wa Tukuyu
aliyekuwepo kabla yetu sote.

Saa tatu jua likaja kukusanya chake.
Ndipo nikamwona mama Tweve nyuma ya nyumba,
kati ya matuta ya viazi,
anageuza majani kwa ncha ya kiatu.
Yaliyokuwa meupe alfajiri yamelegea, meusi,
mboga iliyosahauliwa jikoni.
Alihesabu kwa midomo. Kwenye kumi na tisa akaacha.
Nami mabanzi yangali miguuni;
mtu hawezi kutoa pole vizuri
akiwa amevaa mbao.

"Pole, mama."
"Ya nini? Vya mlimani vimepona."
Akanitazama miguu, akacheka kwa pua.
"Mume wangu kila jioni anatazama juu, anaomba baridi.
Mimi natazama juu palepale, naomba mawingu.
Sijui Mungu anatusikilizaje, nyumba moja."

Tulikula viazi vya msimu uliopita,
vimechomwa kwenye majivu, vikiunguza vidole.
Ndugu Tweve hakutaka hela ya mabanzi.
Tukanunua debe mbili kwa mkewe,
chenji tukaisahau makusudi,
naye makusudi akakimbia nayo nyuma ya gari
hadi tukasimama.

Kwenye kona za kushukia Isyonje
watoto wote walikuwa wamelala
ila nyayo za Gwalugano, ndani ya soksi,
moja mbele, moja nyuma, juu ya kiti:
sss,
sss.