Farasi Wangapi

Kila Ijumaa, nikishapakua wali,
Mama huniuliza: ile mashine yako ya Sib
ina farasi wangapi?
Gari la Haitham anajua, mia tatu na kitu.
Pampu ya shamba la Barka, farasi wawili,
na mmoja mgonjwa.
Mimi hukata limau, nikanyamaza.

Jana usiku tuliifunga kwenye fremu, Shaji na mimi,
boliti nne nene kama mkono wa mtoto,
ndani ya banda la zege lisilo dirisha.
Saa nane za usiku, maana mchana wa Julai
hewa ni nyepesi, imetawanyika kama watu walioitwa kazini,
na injini hula hewa kwa uzito, si kwa wingi wa nafasi.
Hata hiyo saa nane, joto digrii thelathini na nne.

Tukaiwasha.
Pangaboi la mbele likaanza kwa uvivu, kama lile la msikitini,
kisha mapanga yakapotea, ikabaki duara ya kijivu.
Huvuta hewa. Huibana, safu baada ya safu,
mpaka pumzi thelathini zikae pahali pa moja,
huinyunyizia mafuta, ndugu wa yale ya jiko la utambi,
na moto unapokimbilia mlango wa nyuma
huzungusha njiani gurudumu
linalozungusha pangaboi linalovuta hewa.
Pato karibu lote hurudi kulipia mlo.
Hapo sikuhitaji kufundishwa: ni mshahara wangu.

Angani hakuna mizani.
Rubani husoma mzunguko, asilimia tisini na mbili,
au shinikizo la nyuma kugawa kwa la mbele,
akakisia,
kama ujuavyo uzito wa gunia kwa kumtazama mchukuzi shingo.
Mizani tunayo sisi, bandani:
kipande cha chuma, upana wa kiganja,
kimegandishwa nyuzi nyembamba kuliko unywele.
Injini inavuta fremu, fremu inavuta chuma,
nyuzi zinanyooka, umeme unapita kwa shida zaidi.
Shida hiyo ndiyo tunayoisoma.

Tani kumi na moja na nusu.
Shaji akaandika. Nikasahihisha kwa ajili ya joto,
nikaihamishia siku ya digrii kumi na tano
ambayo Julai ya Maskati haijawahi kuiona,
ikawa kumi na mbili na ushei.

Basi leo nimemjibu.
Mama, farasi ni msukumo mara mwendo.
Ile imefungwa. Mwendo wake sifuri.
Tani kumi na moja na nusu mara sifuri:
haina farasi hata mmoja.
Farasi huzaliwa njiani.

Akaweka kijiko.
Mafuta mmechoma?
Tani moja na robo.
Kelele?
Walinzi wa lango la pili wamelalamika.
Na imevuta usiku kucha.
Imevuta.
Halafu wewe, na shahada yako, unaandika sifuri.

Aliingia nyumba hii ya Mutrah mwaka wa sabini na nne,
kutoka Unguja, na masanduku mawili na mimba ya kaka yangu.
Hajahama tangu hapo.
Sahani sita, kisha tisa, kisha nne, kisha mbili.
Sikuwa na hakika tena kama tunazungumzia injini.

Nikasema nililokuwa sikulipanga:
fremu husogea, Mama.
Ukaze boliti utakavyo, husogea,
unene wa karatasi, pengine nusu yake.
Isingesogea kabisa, tusingepima kitu.

Nusu ya karatasi, akasema,
akiipima hewani kwa kidole na gumba,
kucha zikikaribia kugusana.
Akaivuta sahani yangu, akaongeza wali bila kuniuliza.

Hiyo iandike.