Nusu Mzunguko

Bi Gertruda Pyka aliita fundi kwa sababu ya samaki.
Tangu mkesha wa Krismasi, alisema,
nyumba inanuka samaki ambaye hayumo.
Amesugua sinki kwa siki. Amesogeza friji peke yake.
Amegombana na Bwana Wieczorek wa chini
juu ya paka ambaye Bwana Wieczorek hamfugi.
Hata kasisi, alipopita kubariki nyumba,
alinyunyiza maji, akakunja pua, akaaga mapema.
"Mwanangu ndiye aliyesema, ita fundi wa umeme.
Tangu lini umeme ukanuka samaki?"

Tangu zamani, Bi Gertruda.
Plastiki ikichomeka polepole, kwa adabu, bila moshi,
hunuka hivyo hivyo.

Zabrze, Januari, ghorofa ya nne, lifti mbovu.
Sanduku la fyuzi liko juu ya makoti,
limepakwa rangi pamoja na ukuta mara tano;
nililifungua kwa kisu kama mkebe.
Ndani, fyuzi za kauri, nyeupe kama meno ya bandia,
waya za alumini za mwaka sabini na nne,
na mwandiko wa penseli wa marehemu Alojz:
jikoni. bafu. redio.

Nilizima swichi kuu. Nikapima. Nikapima tena,
maana aliyenifunza kazi ana vidole tisa.

Skrubu ilikuwa imelegea nusu mzunguko.
Nusu tu. Kucha ingetosha kuizungusha.
Alumini hupumua, bibi:
ikipata joto hutanuka, ikipoa husinyaa,
na kila jioni skrubu hupoteza unywele mmoja.
Hesabu majira ya baridi hamsini.
Hesabu birika.

"Na fyuzi ilikuwa wapi?" akauliza, kama anayeuliza polisi.
Fyuzi ilikuwa kazini. Fyuzi ni bawabu,
huhesabu wanaopita, wakizidi hufunga mlango.
Hawakuzidi. Birika moja, taa moja, redio.
Kilichokuwa kinaungua ni kizingiti.

Nikakata kipande kilichoharibika, urefu wa kidole gumba,
cheusi, kinavunjika kama biskuti.
Nikamwekea kiganjani.
Akakinusa. "Ndiye," akasema. "Ndiye samaki wangu."
Kisha akanyamaza muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa samaki.

"Na ile taa ya korido?"
Taa gani?
"Saa moja jioni nikiwasha birika, hukonyeza. Mara mbili.
Alojz alikuwa akitoka mgodini saa moja,
anasimama pale pale ulipo,
macho yamezungukwa na makaa ambayo sabuni haikuyaweza,
ananikonyeza hivyo.
Miaka miwili sasa nimekuwa nikiijibu ile taa."
Akakunja leso. "Huwezi kuiacha kidogo?
Kidogo tu."

Najua kumjibu anayetaka rahisi,
anayetaka haraka,
anayetaka nimwekee msumari mahali pa fyuzi
kwa sababu shemeji yake aliweka na bado yu hai.
Huyu sikujua kumjibu.
Niliangalia makoti: lake, na jingine la mwanaume,
yote mawili yananing'inia moja kwa moja chini ya sanduku,
sufu kavu, shibri moja kutoka kwenye cheche.

Nikaweka kiunganishi kipya. Nikakaza.
Nikavuta waya: haukutikisika.
Nikakaza na zile nyingine, hata ya redio.

Umeme uliporudi aliwasha birika mwenyewe.
Tukasimama koridoni, shingo juu, kama watu wanaosubiri matokeo.
Maji yakaanza kuimba. Taa haikupepesa.
Yakachemka. Taa ikatukodolea tu.

"Haya," alisema Bi Gertruda,
akanyosha mkono kwenye swichi ya ukutani,
akazima, akawasha.
Akazima, akawasha.

Kisha akaniuliza bei, na akasema ni ghali.