Kamati ya Kiyoyozi

Juni, sabla ya Mabela, kiyoyozi kikazima,
Tukaunda, hatujala, kamati yenye heshima;
Mwenyekiti Abdila, taratibu kasimama:
“Kwanza tuonje haluwa, mengine tutayasema.”

Khalfani kachelewa, robo saa kwa hesabu,
Kisha tukaelezewa, kwa nusu saa, sababu;
Mchango ulipotajwa, sote simu tukajibu.
“Kwanza tuonje haluwa, mengine tutayasema.”

Tukaunda na kijopo, kichunguze kiyoyozi,
Wajitoleaji wapo: wote wa kushika ngazi!
Wa kupanda ndo hayupo, magoti hayawawezi.
“Kwanza tuonje haluwa, mengine tutayasema.”

Disemba ilipofika, baridi ikapuliza,
Ripoti tukaandika: “Tatizo tumemaliza.”
Makofi yakasikika. Mwanangu akauliza:
“Na joto likirejea?”
                                        “Kwanza tuonje haluwa.”